Mzizi wa Shamba la Chini

Guyo hakupiga hodi. Aliingiza pikipiki mpaka katikati ya uwanja, kuku wakatawanyika, na kabla hajaizima vizuri akauliza kwa sauti ya kusikika nyumba tatu, "Mama Hope, umempa nini ndugu yangu?"

Josephine alikuwa akipepeta mchele wa dukani. Hiyo peke yake ilikuwa aibu yake ya mwaka huo. Mwanamke aliyezaliwa kwenye mpunga hapendi kuonekana na mchele wa pakiti. Aliuweka ungo chini.

"Ndugu yako yupi?"

"Wario! Jana alikuja hapa na tumbo yake, ukamkatia mzizi. Leo toka alfajiri anatapika. Anasema anaona watu wote manjano. Tumempeleka Garsen, daktari anasema moyo yake inapiga polepole, inataka kusimama. Anauliza amekunywa nini. Nikamwambia, ngoja nikamlete mwenyewe aliyempa."

Majirani wa kijiji kile hawana haja ya kuitwa. Walikuwa wameshafika kwenye ua, wengine na watoto mgongoni, na hakuna hata mmoja ambaye hakukumbuka mambo ya Jumanne. Siku hiyo ng'ombe wa Wario, wakipelekwa malka, mahali pa mifugo kunywea mtoni, waliacha njia yao wakaingia shamba la juu la Josephine. Walikula migomba na kukanyaga kila kitu. Josephine alisimama mbele ya watu akamnyooshea Wario kidole: "Utanijua mimi ni nani!" Maneno ya hasira tu, ya mtu aliyeona jasho lake likitafunwa. Lakini yalisemwa, na masikio yalikuwa mengi.

Na Wario huyohuyo, Alhamisi tumbo lilipomkata, alikuja hapahapa. Angeenda wapi? Tangu utotoni tumbo lake lilitibiwa katika uwanja huu. Josephine alimkaripia kwanza, kisha akamkatia mzizi kama anavyokatia kila mtu: aliulaza kando ya kidole cha kati cha mgonjwa mwenyewe, akakata pale kidole kinapoishia. Hicho ndicho kipimo cha nyumba ile. Mkubwa ana kidole kikubwa, mtoto ana kidole kidogo, na hakuna aliyewahi kudhurika.

"Ninakwenda," Josephine alisema, akijifunga leso.

Mumewe, Godhana, alitoka ndani na shati mkononi. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kutanguliza tahadhari. "Usiende, Mama Hope. Ukienda umekubali."

"Nisipokwenda ndiyo nimekubali."

Binti yao Hope alikuwa kwenye ngazi ya jiko na sufuria mikononi. Alikuwa amefika juzi kutoka Kilifi, anakosomea shahada ya pili ya mambo ya mimea. Aliuliza swali ambalo hakuna mtu pale aliyeliona la maana.

"Mama, huo mzizi ulitoka shamba la juu ama la chini?"

"La chini. La juu si limekanyagwa?"

Hope aliiweka sufuria chini. "Naja na wewe," akasema.

Shamba la chini ndilo lililo karibu na mto. Mvua ilikosa misimu miwili, mto ukapungua nguvu, na bahari ikapanda nao kutoka Kipini, unapoingia baharini, mpaka mashambani. Mpunga ulikufa ukiwa bado mchanga. Miembe ilikauka. Ulibaki ule mti mdogo wa dawa tu, umedumaa, majani madogo, na mizizi yake ikiwa myembamba kuliko ilivyozoeleka. Josephine aliionja Jumatano alipoichimba. Ilikuwa chungu hasa. Alifurahi, maskini. Alidhani Mungu amemnyang'anya mpunga akamwongezea dawa.

*

Kwenye geti la kituo cha afya cha Garsen mlinzi alimtazama Josephine toka juu mpaka chini. "Wewe ndiye yule mama?"

"Mama yupi?"

"Fungua mfuko."

Aliufungua. Mlinzi alichungulia, hakugusa kitu, kisha akafuta mkono kwenye suruali kana kwamba amegusa.

Barazani walikuwapo wanaume saba wa upande wa Wario, wamesimama. Mkewe, Esha, alikuwa kwenye benchi na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Josephine alimsalimu. Esha aliitikia kwa mdomo tu, akavuta pindo la mtandio wake lisigusane na leso ya mgeni. Wanawake hao wawili walikuwa wakipeana maziwa na ndizi kwa miaka kumi na minne.

Daktari Harith alitoka ndani haraka, mtu mwembamba wa kutoka Lamu, jasho limemlowesha kola. "Ndiye huyu? Mama, nisikilize vizuri. Moyo wa mgonjwa unapiga mara thelathini na nane kwa dakika. Kama alikunywa dawa ya wadudu ya shambani, ninatibu hivi. Kama ni kitu kingine, ninatibu vingine. Nikikosea, nitakuwa nimemuua mimi. Ulimpa nini?"

"Mzizi wa tumbo."

"Mzizi wa mti gani?"

Josephine alinyamaza.

Katika nyumba ile mti huo hautajwi. Josephine aliupokea kwa mama mkwe wake kwa sharti hilo moja: ukiutaja jina huku mgonjwa anao tumboni, dawa inamwacha na ugonjwa unamrudia kwa nguvu. Watu wote wanauita mzizi wa Mama Hope, basi. Mimi jina lake nalijua, lakini si langu kulitoa. Nitakaloweza kusema ni kwamba mama yule hakunyamaza kwa ubaya. Alinyamaza kwa sababu aliamini akifungua mdomo, Wario atakufa.

"Siwezi kuutaja, daktari. Nikiutaja, dawa itamwacha."

"Mama, ni hiyo dawa inayomuua!"

"Haijaua mtu miaka yote."

"Mnasikia?" Guyo aliwageukia ndugu zake. "Hataki kusema! Jumanne alisema utanijua, leo hataki kusema. Ndugu yangu akifa hapa, tutajua la kufanya." Mmoja wao alikuwa tayari ana simu sikioni, akiongea kwa Kiorma, na ndani ya maneno yake jina la kijiji cha Josephine lilisikika mara mbili. Watu wa Tana, walioona vijiji vya wakulima na vya wafugaji vikichomwa, hawahitaji kuelezwa simu kama hiyo inaweza kuleta nini. Mlinzi alilivuta geti akalifunga.

"Basi nitawaonyesha," Josephine akasema.

Alifungua fundo la leso yake. Ndani mlikuwa na mzizi uliobaki alipomkatia Wario, wa shamba la chini. Aliulaza kando ya kidole chake cha kati mbele ya wote, akapima, akauvunja pale kidole kinapoishia. "Mimi ni mwanamke mzee na mwili wangu ni mdogo kuliko wa Wario. Kama ni sumu, mtaniona hapahapa."

Akaupeleka mdomoni.

Hope aliupiga mkono wa mamake. Aliupiga kwa nguvu ambayo mtoto hampigi nayo mzazi, na kipande kikaruka kikaangukia miguuni pa Esha.

"Usitafune, mama! Usitafune!"

Guyo akasema polepole, "Mmeona. Hata mtoto wake anajua ni sumu."

Josephine alikuwa ameshika kiganja chake kilichopigwa. Alimtazama binti yake kwa namna ambayo Hope, mpaka leo, hapendi kuieleza.

"Ndiyo," Hope akasema. "Najua."

Akamgeukia daktari, akautaja ule mti. Aliutaja kwa Kipokomo, kwa sauti, mbele ya watu saba wasio wa nyumba yao, kisha akautaja kwa jina la vitabuni. "Unashika moyo, daktari. Si dawa ya wadudu. Alipewa kidole kimoja, lakini hesabu kama amekunywa vidole vitatu."

"Vitatu? Kwa nini vitatu?"

"Kwa sababu ya chumvi."

Daktari alimshika mkono akamvuta ndani. Mlango haukufungwa vizuri, na Josephine, aliyeachwa peke yake katikati ya baraza, aliyasikia yote.

"Ninayo mizizi ya mti huu chuoni," Hope alikuwa akisema. "Kwenye chupa. Haina shina wala jani, ni mizizi tu, inaota kwenye chakula tunachoitilia. Chupa arobaini. Nyingine nilizitia chumvi kidogo, nyingine nyingi. Zile za chumvi nyingi zilikufa. Lakini za chumvi kidogo, mizizi ilibaki myembamba na uchungu wake ukapanda karibu mara tatu. Mzizi ukibanwa na chumvi unajikinga, unatengeneza sumu zaidi. Nilipima mara nne. Na shamba letu la chini lina chumvi, daktari. Ni chumvi kama ile ya chupa zangu."

"Mara tatu. Una hakika?"

"Nina hakika."

Muuguzi alitoka mbio, akarudi na trei ya sindano. Kuanzia hapo hakuna aliyeongea ndani ila daktari, na maneno yake yalikuwa mafupi.

*

Hope alipotoka, mamake alikuwa amekaa sakafuni chini ya dirisha. Benchi lilikuwa na nafasi, lakini hakuna aliyemwambia akae.

"Mizizi hiyo ya chupa uliitoa wapi?"

"Jikoni. Krismasi. Nilikata kipande kimoja."

"Nilikuwa wapi?"

"Kanisani."

"Ungeniomba."

"Ungekataa, mama."

"Ningekataa," Josephine alikubali. "Halafu ungeniomba tena."

Hope alichuchumaa mbele yake. Wanaume wa upande wa Wario walikuwa wanasikiliza bila kujificha, na yeye hakuwa na pa kwenda.

"Na hayo ya chumvi uliyajua lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Huu ni mwezi wa ngapi?"

"Wa nane."

Josephine alihesabu kwa vidole kimyakimya, mwezi mmoja mmoja, mpaka akafika. "Ulikuja nyumbani Pasaka. Ulilala wiki nzima. Ukala ugali wangu. Nikakuonyesha shamba la chini lilivyoharibika, ukasema pole mama. Mti ule uliuona umesimama pale."

"Niliuona."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza nimejuaje."

Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna njia ya kuipamba. Msichana huyu alijua kitu cha kuokoa mtu, akakaa nacho miezi mitano kwa kuogopa kugombezwa. Alijiambia shamba la juu linatosha, mamake hatachimba la chini. Alijiambia atamaliza kuandika kwanza, apate karatasi yake, kisha aje na zawadi na maneno mazuri. Hakuwaza ng'ombe. Nani angewaza ng'ombe?

"Walidhani nimemuua kwa makusudi," Josephine akasema. "Mimi mwenyewe hapo nilianza kujiuliza kama hasira yangu iliingia kwenye mzizi. Nilijiuliza hivyo, Hope. Na wewe umesimama hapo unajua."

Hope alilia. Mamake hakumzuia, wala hakumshika.

Saa nane mchana daktari alitoka akavua glavu. Watu wote walisimama, hata Josephine, akijisukuma kwa mkono ukutani.

"Hamsini na sita," alisema. "Amemwita mkewe kwa jina. Hatujamaliza, nitamwangalia mpaka kesho, lakini moyo umeshika njia. Nisingeambiwa mapema ningeendelea kumtibu kama aliyekunywa dawa ya wadudu." Akamtazama Hope. "Umefanya vizuri kusema." Hakujua alivyomwumiza kwa maneno hayo.

Esha alifunika uso kwa mtandio, mabega yakamcheza. Guyo alikwenda kwenye mfereji, akanawa uso, akanawa tena. Hakuomba msamaha. Mwenye simu alipiga tena, safari hii akaongea kwa utulivu, na mlinzi akafungua geti.

Esha alisogea pembeni mwa benchi, akapiga nafasi ile kwa kiganja. "Kaa, Mama Hope."

"Siwezi kukaa," Josephine alijibu. "Tangu Jumatano nimekatia watu watano."

*

Wawili kati ya wanne waliobaki walikuwa na simu. Josephine aliwapigia palepale barazani, kwa sauti kubwa kwa sababu mtandao ulikuwa mbaya, na kila aliyekuwa kituoni siku hiyo, wagonjwa, wauguzi, muuza maji, alisikia mganga akisema, "Usinywe mzizi wangu. Una sumu. Ndiyo, wangu. Ni mimi Josephine. Kama umekunywa, njoo Garsen sasa hivi." Charity alikuwa hajauchemsha. Yule mwingine aliuliza mara tatu kama ni mzaha, kisha akasema na yeye hajaunywa.

Waliobaki hawakuwa na simu: mzee Pekeshe na Dorothy.

"Twende," Guyo akasema, akiwasha pikipiki. Hakuna aliyekuwa amemwomba.

Walipanda watatu, Josephine katikati. Walipofika kwa mzee Pekeshe, kabla ya kushuka, Josephine alimwambia binti yake, "Mimi nitasema langu. Wewe utasema lako."

"Langu lipi?"

"Unalijua."

Mzee Pekeshe alikuwa anasuka mkeka. Josephine alisimama mbele yake akasema mzizi aliompa una sumu na amekuja kuuchukua. Kisha akangoja. Hope alitazama mkeka. "Mimi nilijua tangu mwezi wa tatu," akasema, "na sikusema."

Mzee aliwatazama wote wawili, akamtazama na Guyo. Alisema kwamba aliuchemsha jana, akaonja, ukamshinda kwa uchungu, akaumwaga nje. Kisha akaendelea kusuka. Hakuwakaribisha maji.

Dorothy alikaa mwisho wa kijiji, mjane, miguu imevimba, na tumbo lake lilijulikana kanisa zima kwa usumbufu wake. Mzizi alikuwa ameuhifadhi kwenye kopo la majani ya chai. Alipomsikia Josephine, alilishika kopo kifuani.

"Wamekutisha huko Garsen," alisema. "Wamekulazimisha useme hivi. Na huyu kijana amekuja kukusimamia."

"Hakuna aliyenilazimisha. Wario ameponea chupuchupu."

"Wario alikula kitu kingine. Mimi hiki nimekinywa tangu mama mkwe wako. Nimezaa nacho watoto sita." Alikuwa amekasirika hasa. "Mpunga tumekosa, embe tumekosa, sasa unataka na dawa uninyang'anye?"

"Dorothy, nipe."

"Sitoi."

Josephine hakubishana tena. Alimgeukia Hope. Hope alikuwa na maelezo mazuri, yenye hesabu, angeweza kumfafanulia mama yule habari ya chupa na chumvi mpaka jua lizame. Aliyaacha.

"Mama Dorothy, mimi nilijua tangu mwezi wa tatu kwamba mizizi ya shamba la chini imegeuka sumu. Mama hakujua. Nilijua mimi, nikanyamaza. Ukiinywa hiyo utakufa, na nitakuwa nimekuua mimi."

Dorothy alikuwa amemsimamia mtoto huyu ubatizo, alimfundisha nyimbo za Jumapili. Polepole alifungua kopo, akautoa mzizi, lakini hakuunyoosha mkono. Alimwuliza Josephine, si Hope.

"Sasa tumbo likinishika, niende kwa nani?"

"Garsen," Hope akasema.

"Sikukuuliza wewe. Na miguu hii? Na nauli ya nani? Mama Hope, nakuuliza wewe. Niende kwa nani?"

Watu walikuwa wamemwuliza Josephine mambo mengi mlangoni kwao na mlangoni pake kwa miaka thelathini na moja, na kila mara mkono wake ulikuwa na kitu cha kutoa. Alisema hajui. Aliuchukua mzizi kutoka mkononi mwa Dorothy, akaufunga kwenye leso, akatoka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuondoka nyumbani kwa mgonjwa amebeba dawa badala ya kuiacha, na alipofika kwenye pikipiki hakuweza kupanda mpaka Guyo alipomshika mkono.